Shingo, Chumvi na Mazoezi ya Yoga: Nasaha kwa Walaji wa Bonde la Kilombero

Matini ya mada iliyotolewa kwa wananchi mjini Ifakara



Mada tuliyopewa ni swali: je, mazoezi ya yoga yanaweza kuilinda tezi ya shingo na kuikinga isiugue? Zamani swali kama hili lisingeulizwa hapa. Leo simu moja ya mkononi huwatosha watu wa nyumba nzima, na ndani yake mna video za walimu wanaosema kwamba mikao fulani ya shingo huamsha tezi iliyolala, huyeyusha uvimbe, na humwondolea mgonjwa haja ya vidonge.

Tutajibu kwanza, kisha tutaeleza. Yoga ni mazoezi mema kwa watu wengi, na hatuna ugomvi nayo. Lakini haijathibitishwa kuzuia wala kuponya ugonjwa wowote wa tezi ya shingo. Rovu linalotokana na lishe huzuiwa na madini joto, na madini joto hutufikia hasa kwa njia ya chumvi. Mtu aliyekwisha kuugua husaidiwa na kipimo cha damu na matibabu yanayofuata kipimo hicho. Kwa hiyo mkituona tunazungumza zaidi juu ya chumvi ya dukani kuliko juu ya mikao ya yoga, msidhani tumepotea njia.

Tezi tunayoizungumzia huitwa thairoidi. Imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kongoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, matumizi ya chakula, na kwa mtoto aliye tumboni, kukua kwa ubongo. Haifanyi kazi kwa amri yake yenyewe. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ndogo inayofuatilia kiasi cha homoni hizo katika damu, na kinapopungua huituma homoni yake, ijulikanayo kwa kifupi TSH, kuihimiza thairoidi iongeze bidii. Malighafi ya kazi hiyo ni madini joto, ambayo wataalamu huyaita ayodini. Malighafi ikikosekana, TSH huendelea kuhimiza, na tezi hutanuka katika jitihada ya kunasa kila chembe ipitayo. Kutanuka huko ndiko rovu, au goita. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anaweza kufunga mashine ya pili na ya tatu. Kama hakuna mpunga uliovunwa, mchele hautatoka.

Hebu sasa tuitazame mikao inayosifiwa. Miwili ndiyo hutajwa zaidi. Wa kwanza ni wa kusimama kwa mabega, miguu ikiwa juu na kidevu kikigusa kifua. Wa pili ni mkao wa samaki, ambapo mtu hulala chali, akanyanyua kifua na kukirudisha kichwa nyuma. Inadaiwa kwamba ule wa kwanza huibana tezi na huu wa pili huifungulia, damu ikaingia kwa wingi na tezi ikafufuka. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, ila yana kasoro. Thairoidi haina njaa ya damu; ni miongoni mwa viungo vinavyopitiwa na damu nyingi mno kwa kulinganisha na uzito wake. Kuibana hakuongezi madini joto yaliyomo katika damu hiyo, wala hakumzuii mtu ambaye kinga za mwili wake zimegeuka na kuishambulia tezi yake mwenyewe, hali ambayo ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu mahali ambapo madini joto yanatosha.

Tusiwadhulumu walimu wa yoga. Zipo tafiti zilizofanyika India kwa wanawake ambao thairoidi zao zilikuwa zimelegea, na baadhi ya washiriki walieleza kwamba baada ya mazoezi waliishi kwa nafuu zaidi. Tunazichukua kwa heshima, ila tunatazama ukubwa wake: wanawake ishirini hivi, bila kundi la kulinganisha nao. Mtu anayepata usingizi mzuri, anayetulizwa mawazo na kunyooshwa viungo atasema ana nafuu, na atakuwa anasema kweli. Nafuu hiyo ni yake na tunamtakia aidumishe. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na imeadhimishwa tangu mwaka 2015. Si jambo la kubezwa. Kwa mama aliyeinama shambani tangu alfajiri akipalilia mpunga, kunyoosha mgongo jioni ni haki yake, auite yoga au asiuite hivyo.

Tahadhari ya mikao ni fupi. Mwenye shinikizo la damu la juu, mwenye ugonjwa wa presha ya macho, mwenye maumivu ya pingili za shingo, mjamzito, na mwenye rovu kubwa linalombana koo, asisimame kwa mabega kwa kufuata video. Yapo mazoezi mengi yasiyoielemea shingo.

Madhara makubwa, ndugu zetu, hayako katika mkao. Yako katika yale ambayo mtu huacha kuyafanya akiamini kwamba mkao umetosha.

Tuanze na chumvi, kwa kuwa ndiyo inayogusa kila jiko. Udongo wa milima inayooshwa na mvua nyingi, na ule wa mabonde yanayofurika mara kwa mara, kwa kawaida huwa na madini joto machache, kwa sababu maji huyayeyusha na kuyachukua. Ninyi mnaishi chini ya Udzungwa, na mto wenu, ukishakutana na Luwegu, huwa Rufiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Madini joto husafiri na maji hayo. Mpunga, mahindi na mboga hupata kile tu ambacho udongo umebakiza. Samaki nao wasitudanganye. Perege na kambale wa Kilombero ni chakula bora sana kwa protini, lakini ni samaki wa maji baridi, na hawana madini joto ya kulingana na samaki wa baharini. Hata dagaa hawafanani: wa Mafia wametoka baharini, wa Kigoma wametoka ziwani.

Kiasi anachohitaji mtu mzima ni kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Ukikusanya mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayafiki gramu 4. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya muda mrefu. Kiasi hicho kidogo lazima kije karibu kila siku. Ndiyo maana dunia ilichagua chumvi kuwa chombo cha kuyabeba, maana chumvi haikosekani katika chungu cha tajiri wala cha maskini.

Nchi yetu iliijua taabu hii mapema. Katika miaka ya 1980, takriban robo ya Watanzania walikadiriwa kuwa na uvimbe wa tezi ya shingo, na katika baadhi ya wilaya za nyanda za juu hali ilikuwa mbaya zaidi. Taasisi ya Chakula na Lishe ilishiriki kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha, katika miaka ya 1990, kanuni zikaagiza chumvi ya kula iwekwe madini joto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 uliwapima watoto wa shule na kukuta uvimbe kwa takriban asilimia 7 tu. Ni ushindi mkubwa uliopatikana bila kelele, kiasi kwamba kijana wa leo anaweza kufika utu uzima bila kuliona rovu kubwa, na asijue ni kitu gani kilimwepusha nalo.

Na hapo ndipo ilipo hofu yetu. Jambo lisiloonekana husahaulika. Rovu ni dalili ya nje tu. Hasara iliyo nzito zaidi hutokea gizani, ndani ya tumbo la mama. Mtoto hutegemea homoni za mama yake hasa katika miezi ya mwanzo ya mimba, kabla tezi yake mwenyewe haijaanza kazi, na mara nyingi kabla mama hajafika kliniki kwa mara ya kwanza. Upungufu mkali huzaa mtoto aliyedumaa mwili na akili. Upungufu wa kadiri hauonekani kwa macho, lakini humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza, naye huishia kuitwa mvivu darasani. Ubongo ulioikosa homoni wakati wa kujengeka hauwezi kujengwa upya baadaye, kwa vidonge wala kwa mazoezi ya aina yoyote. Kwa hiyo msichana anayetarajia kuolewa ndiye wa kwanza kutazama chumvi anayopikia, asingoje mimba.

Chumvi ya kununua ni ipi? Ni ile iliyofungwa katika pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, yenye jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi haikuelezi chochote. Huenda iliwekwa madini joto ikayapoteza juani; huenda haikuwekwa kamwe. Tunajua kwamba kopo ni rahisi kwa mfuko, na hatumlaumu mnunuzi anayehesabu shilingi zake. Tunamwomba tu ajue anachokikosa kwa tofauti hiyo ya bei. Wapo pia wanaosema kwamba chumvi ya baharini haihitaji kuwekwa kitu, kwa kuwa bahari ina madini joto. Bahari inayo, lakini chumvi inapokaushwa juani hubaki na kiasi kidogo sana kisichofaa kitu. Hata katika kisiwa cha Pemba, kilichozungukwa na bahari pande zote, watafiti walikuta upungufu.

Chumvi nzuri nayo huweza kuharibiwa nyumbani. Madini joto hayapatani na jua, joto wala unyevu. Jambo hili tunalitaja hapa kwa makusudi, kwa sababu familia nyingi za bonde hili huhamia shambani wakati wa kilimo, zikakaa miezi kadhaa kulinda mpunga na kuamia ndege. Chumvi husafiri nazo, ikakaa katika kopo lisilo na kifuniko kando ya moto, au katika mfuko uliotoboka unaonyonya unyevu wa mafuriko. Ifikapo siku ya kuvuna, huwa ni chumvi ya ladha tu. Chukueni pakiti ndogo ndogo badala ya fungu moja kubwa, itieni chumvi katika chombo chenye kifuniko kinachobana, mbali na meko, na iongezeni chunguni chakula kikaribiapo kuiva. Wako wanaoiosha chumvi ya mawe ili kuondoa mchanga. Maji yale ya kuoshea huondoka na madini joto pia.

Tunaposema chumvi yenye madini joto hatusemi chumvi nyingi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Mwenye shinikizo la damu apunguze kama alivyoambiwa na mganga, ila hiyo kidogo anayoila iwe na madini joto. Na wanaokula mihogo michungu waendelee kuiloweka na kuikausha vyema kama wazee walivyofundisha; sumu yake isipotoka huizuia tezi kunasa madini joto, na madhara huwa makali zaidi pale yanapokuwa haba.

Sasa tumgeukie aliyekwisha kuugua. Thairoidi iliyolegea humfanya mtu achoke, aone baridi wenzake wakiona joto, anenepe bila kula zaidi, ngozi ikauke, choo kiwe kigumu, hedhi ivurugike na sauti ikwaruze. Thairoidi iliyozidisha kazi humkondesha, humtoa jasho, humtetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Hapa Ifakara mtu mwenye uchovu au jasho hupima malaria kwanza, na hufanya vyema. Lakini kipimo cha malaria kikija hakina kitu mara ya pili na ya tatu, na dalili bado zipo, mwulizeni tabibu juu ya kipimo cha TSH, kama kinafanyika hapo au sampuli hupelekwa kwingine. Ni kipimo cha damu. Hakuna mkao wa yoga wala kioo cha nyumbani kinachoweza kutoa jibu lake. Na uvimbe wa shingo unaokua haraka, ulio mgumu, unaobadilisha sauti au kuzuia kumeza, usingojewe hata wiki moja; baadhi ya uvimbe wa namna hiyo ni saratani, na ikiwahiwa hutibika.

Aliyepewa levothairoksini amepewa ile ile homoni ambayo tezi yake imeshindwa kuitengeneza. Si dawa ya kulevya wala haimfanyi mtumwa. Humezwa asubuhi kwa maji, kabla ya kula. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito huizuia isinyonywe, kwa hiyo viachanishwe kwa saa 4 hivi. Jambo hili huwaponyoka wengi, kwa kuwa vidonge vya damu hutolewa kliniki na vya tezi hutolewa kwingine, na kila mtoaji hudhani mwenzake amekwisha kusema. Tena mjamzito kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi ya ile ya awali; ajulishe mapema.

Tatizo la kuacha vidonge ni kwamba kuacha hakuumi siku ya kwanza. Homoni hii hukaa mwilini kwa siku nyingi. Mtu anaweza kuacha leo, akaanza mazoezi kesho, akajiona mwepesi kwa wiki kadhaa na kuwatangazia majirani kwamba yoga imemponya. Anachokitumia ni masalio ya vidonge. Yakiisha, uchovu hurudi polepole, naye huutafutia sababu nyingine. Anayetaka kujua kama bado anahitaji dawa asijipime kwa hisia: afanye yoga yake, ameze vidonge vyake, na tabibu apime damu.

Nyuma ya video mara nyingi huja bidhaa. Mazoezi hutolewa bure, kisha mwisho wake hutajwa unga, chai au matone ya kuisafisha tezi. Kati ya hizo, zinazotutia wasiwasi zaidi ni zile za mwani. Mwani ni zao halali na ni riziki ya maelfu ya wanawake wa Zanzibar. Si hilo tunalolipinga. Ila mwani unaweza kuwa na madini joto mengi mno, na kiasi hutofautiana kutoka aina hadi aina. Mwenye tezi iliyolegea akinywa kijiko kila siku anaweza kuilegeza zaidi. Mwenye rovu la miaka mingi anaweza kuiwasha tezi hadi moyo ukaenda mbio. Upungufu ni ugonjwa, na kupita kiasi pia ni ugonjwa. Dawa inayouzwa nchini inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na dawa ya asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Muuzaji asiyeweza kuonyesha usajili, lakini anaweza kukuonyesha picha za shingo kabla na baada, amekwisha kujieleza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na anayeuza ahadi ya uponyaji asiyoweza kuithibitisha hayuko nje yake kwa sababu tu anauzia kwenye simu.

Mwalimu wa yoga asiyeuza kitu, asiyemwambia mtu aache dawa, hatuna neno naye. Mkimpata mmoja hapa mjini, nendeni mkajifunze.

Mkiishuku chumvi, ombeni msaada wa afisa afya wa kata. Kipo kipimo chepesi cha matone: yakidondoshewa chumvi yenye madini joto, hugeuka rangi ya bluu au zambarau, isipokuwa nayo, haibadiliki. Shule zinaweza kumwomba awaonyeshe watoto, kila mtoto akaleta kijiko cha chumvi ya kwao. Mkikuta pakiti imeandikwa madini joto lakini haigeuki rangi, andikeni jina la duka na tarehe mliyonunua, tunzeni risiti kama mlipewa, na mpelekeeni taarifa afisa huyo au ofisi ya TBS. Pakiti yenyewe msiitupe, na chumvi iliyobaki ndani yake msiihamishie kwingine. Funga mdomo wake kwa uzi na uiweke kivulini, kwa kuwa ndiyo itakayoombwa kwanza kwa ajili ya maabara.